Maswali mnayotuuliza kila siku kuhusu matangazo, waandishi wa habari na jina la biashara (Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe)

Haya maswali tunaulizwa ofisini, kwenye simu, wengine wanatusimamisha pale Kabwe tukiwa tunasubiri daladala, kwaiyo tumeona tuyaweke sehemu moja. Tunajibu kama watu tunaofanya hii kazi ya matangazo na mawasiliano hukuhuku Nyanda za Juu Kusini, maana ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya biashara za Dar na ukiuleta Makambako unakwama.

Matangazo, masoko na mahusiano na umma si ni kitu kilekile?

Hapana, ila vinategemeana. Masoko ni kazi nzima ya kujua nani atanunua, anataka nini, kwa bei gani na mzigo utamfikiaje. Tangazo ni nafasi unayolipia useme unachotaka wewe. Mahusiano na umma ni kazi ya kufanya watu wanaokuzunguka wakuamini: wateja, majirani wa kiwanda, mwenyekiti wa mtaa, waandishi, wafanyakazi wako mwenyewe. Hapo hakuna nafasi ya kununua, unaaminika au huaminiki. Wengi wakija kwetu wanaomba tangazo, tukikaa nao kidogo tunakuta shida yao iko huku kwenye kuaminika, na hiyo hata ujaze mabango kutoka Uyole mpaka Mbalizi haitaondoka.

Nina laki tatu tu ya matangazo, nianzie wapi?

Usianzie kwenye kuboost posti (kulipia mtandao uionyeshe kwa watu wengi). Anza kwa kupiga namba ya biashara yako mwenyewe, tumia simu ya mtu mwingine, jifanye mteja. Inapokelewa? Inapokelewa na nani, anaongeaje? Tuma meseji WhatsApp saa mbili usiku uone inajibiwa lini.

Kuna mfanyabiashara wa mchele wa jumla Mwanjelwa alikuja anataka bango la barabarani. Tukamuomba simu ya biashara tuiangalie kwanza. Mle ndani kulikuwa na mtu wa Dodoma kauliza "kilo 100 mpaka stendi Dodoma inafika sh ngapi", kimya. Siku mbili mbele kaandika "upo?", kimya. Afu mwisho "sawa nimepata kwingine asante". Na hakuwa peke yake, zilikuwepo za hivyo nyingi tu. Yaani huyu mfanyabiashara tayari alikuwa na wateja wenye hela mkononi, wamemtafuta wenyewe, bango lingemletea wengine wa kuwaacha bila majibu.

Tulichofanya ni kumuwekea WhatsApp Business yenye majibu yaliyoandikwa tayari: bei kwa kilo, bei ya gunia, gharama ya kusafirisha kwa basi kwenda miji anayouzia sana, na picha za mchele ulioko stoo siku hiyo, umeshikwa mkononi, sio picha ya kudownload. Binti wa dukani akapewa simu iwe kazi yake rasmi na sio kitu anachofanya akipata nafasi. Tukaiweka sehemu yake kwenye ramani ya Google, hiyo ni bure kabisa na ukitafuta maduka mengi ya huku hayapo. Hela iliyotumika hapo ni ndogo mno. Bango hakuweka, na hatukumsukuma aweke.

Kuna kingine tulimshauri ambacho tunakiamini sana. Kila mchele nchi hii unaitwa wa Kyela, mnunuzi anajua hilo na ndio maana hamwamini mtu. Tukamwambia mzigo ukiwa umetoka Mbarali andika Mbarali, ukiwa wa Kyela andika Kyela na onyesha video fupi ukiwa mashineni kulekule. Mchele wa Mbarali una wateja wake wanaoupenda, hauna haja ya kuazima jina. Mtu akishaona umemwambia ukweli kwenye mzigo ambao ungeweza kumdanganya, siku nyingine hakuulizi maswali mengi.

Kwanini mnakataza kuandika "bei njoo inboksi"?

Sababu mteja anasikia "nitakuangalia kwanza ulivyo ndio nikutajie bei". Wachache wanakuja inboksi, wengi wanapita kimya na hutajua kamwe kwamba walikuwepo. Tunaelewa hofu ya mshindani kuona bei, ila mshindani wako anaijua bei yako tayari, ametuma mtu. Kama bei inategemea wingi au umbali andika inaanzia ngapi mpaka ngapi. Basi.

Redio bado inalipa au watu wote wamehamia TikTok?

Inategemea unamtafuta nani, na huku kwetu redio bado ina nguvu kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Angalia sensa ya 2022: mkoa wa Mbeya una watu zaidi ya milioni 2.3, Songwe zaidi ya milioni 1.3, Iringa kama milioni 1.2, Njombe karibu laki 9, na sehemu kubwa wanalima. Mtu yuko shambani Isyonje anachimba viazi, bando halipo au mtandao unakatakata, ila karedio kananing'inia kwenye mti. Ndio maana Ebony FM ya Iringa, Bomba FM ya Mbeya, Kings FM ya Njombe au Chai FM ya Rungwe zina wasikilizaji wanaowajua watangazaji kwa majina na sauti.

Ila kuna namna ya kununua redio. Tangazo la sekunde 30 linabeba maneno kama 60 ukisoma kwa utulivu, sasa watu wanataka waweke huduma zote, matawi yote, namba tatu za simu, salamu za mkurugenzi, mpaka msomaji anakimbia kama anafukuzwa. Chagua kitu kimoja. Taja mahali kwa alama watu wanayoijua (karibu na Mafiat, ukivuka daraja Ipogolo) na namba moja, itaje mara mbili. Na kabla ya kulipa sikiliza mwenyewe hicho kipindi wiki nzima, usipokee orodha ya bei tu na kusaini. Kipindi cha asubuhi sana kabla watu hawajaenda shamba kinaweza kukusaidia kuliko cha saa tano kinachopendwa na vijana wa mjini, kama unauza mbolea.

Halafu mtangazaji kuitaja biashara yako kwa maneno yake akiwa anaongea kawaida mara nyingi inashinda tangazo lililorekodiwa. Akae nayo, aonje, aje dukani. Akisifia kitu asichokijua wasikilizaji wanamgundua.

Tunatuma habari kwa waandishi, hawaitoi. Tatizo nini?

Tatizo mara nyingi ni kwamba sio habari. Taarifa zinazoletwa kwetu tuzipitie zinaanza hivi, karibu zote:

"Uongozi wa kampuni yetu unayo furaha kubwa kuutaarifu umma kuwa umepiga hatua kubwa katika kuendelea kuwahudumia wananchi kwa weledi na ubunifu..."

Hapo mhariri ameshafungua taarifa nyingine. Hajaambiwa nini kimetokea, wapi, lini, na kinamhusu nani. Chukulia ni kampuni ya parachichi inafungua kituo cha kupokelea mazao, tungeianza hivi:

"Wakulima wa parachichi Rungwe kuanzia Jumatatu watapimiwa na kulipwa mjini Tukuyu, badala ya kukodi gari kupeleka mzigo Mbeya."

Ni jambo lilelile, ila la kwanza linamuongelea mkurugenzi na la pili linamuongelea mkulima. Msomaji wa gazeti ni mkulima, au shemeji yake, au anayemkopesha. Baada ya hiyo sentensi weka bei ya kilo ya siku hiyo, saa za kufungua, uwezo wa kituo kwa siku, afu maneno ya mkulima mwenyewe aliyekubali kunukuliwa, afu ndio mkurugenzi, mistari miwili inamtosha. Picha mbili kali, zitumwe zikiwa na ukubwa wake, sio zilizopita kwenye magrupu matatu ya WhatsApp zikaharibika. Namba ya mtu atakayepokea simu. Hili la simu ni kubwa: mwandishi ana muda mfupi wa kufunga habari, akipiga mara mbili haupokei anaenda kwa mwingine.

Wengi wanaosimulia historia ya kazi hii wanasema taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari ni ya 1906 Marekani, treni ilianguka karibu na Atlantic City na Ivy Lee, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya reli, akaandika kilichotokea na kuwapa waandishi kabla uvumi haujasambaa. Miaka zaidi ya mia imepita na bado tunakutana na kampuni zinazoficha ajali ambayo abiria wameshairusha laivu.

Na bahasha je? Wanasema bila bahasha habari haitoki.

Tutasema wazi maana hili linaumiza taaluma zote mbili. Mwandishi wa mkoani wengi wao hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na nauli ya kutoka Mbeya mjini mpaka Chunya anatoa mfukoni. Ukimwita mbali panga usafiri wa wote kwa pamoja, chakula kiwepo, na liwe jambo la wazi kwenye mwaliko, chombo chake kinajua. Hiyo ni kumwezesha kufika. Kumpa hela ili aandike unavyotaka, au aache kuandika, ni kitu kingine na sisi hatukifanyi kwa niaba ya mteja yeyote. Achana hata na maadili kwa dakika moja: habari iliyonunuliwa inanunuliwa tena na mwenye hela nyingi zaidi yako, na siku una jambo la maana kweli hakuna anayekuchukulia serious kwasababu wanakujua ni mtu wa bahasha.

Jenga uhusiano wakati huna shida. Mwandishi wa kilimo akikupigia kuuliza kwanini mbolea imechelewa, msaidie hata kama jina lako halitatokea popote kwenye habari yake.

Mtu kaposti vibaya kuhusu bidhaa yetu, imesambaa. Tufanyeje?

Chukulia una mashine ya unga Mafinga. Jumamosi saa tatu usiku mtu kaposti picha ya pakiti lako lina wadudu, mpaka saa nne iko kwenye magrupu ya Iringa yote na mtu kashaiandikia "msinunue unga huu wanangu". Kitu cha kwanza ambacho wenye biashara wanataka kufanya ni kukanusha, cha pili ni kumtishia mtu polisi. Vyote viwili vinakuharibia.

Fanya hivi usiku huohuo, usisubiri Jumatatu ofisi ifunguliwe. Mtafute aliyeposti kwa staha, muombe namba iliyogongwa kwenye pakiti na alikonunua. Andika kwenye ukurasa wako, kwa jina la mtu na sio "uongozi": tumeiona picha, tumeongea na mteja, pakiti ni la toleo la tarehe fulani, tumesimamisha kuuza toleo hilo lote mpaka tujue, mwenye pakiti la toleo hilo alirudishe duka lolote apewe lingine au hela yake, kesho saa sita mchana tutawaeleza tulichokuta. Afu kesho saa sita useme kweli, hata kama jibu ni kwamba bado unaangalia. Pigia maduka yanayouza unga wako kabla hawajakupigia wao. Na wafanyakazi waambie mapema, maana wao ndio wanaulizwa mtaani na wakisema "hata sisi tumeona tu mtandaoni" umekwisha.

Ukikuta kosa ni la dukani, wameuweka chini pakapata unyevu, lieleze bila kumtupia lawama mwenye duka hadharani. Mteja haimhusu nani kakosea, anataka ajue unga aliopikia watoto ni salama.

Kila anayesomea hii kazi anafundishwa kisa cha Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 1982 Chicago watu 7 walikufa baada ya mtu kuweka sumu ya sayanaidi kwenye dawa hiyo zikiwa tayari madukani. Kosa halikuwa la kampuni iliyokuwa ikiitengeneza, Johnson & Johnson, lakini wakaziondoa sokoni chupa kama milioni 31, hasara inayokadiriwa dola milioni 100, wakarudi na chupa zenye ufungaji unaoonyesha zikiguswa, na watu wakarudi kununua. Tunaisimulia sana kwa wateja kwa sababu moja: waliangalia kwanza mtu asife, maneno mazuri yakafuata. Wewe huna milioni 100 ila una pakiti labda mia nne za toleo hilo, na zinarudishika.

Kama posti ni uongo kabisa, una ushahidi na mtu hataki kuongea, hapo muone mwanasheria. Ila usifute komenti za wateja. Wameshapiga skrinishoti.

Tumlipe mtu maarufu wa Dar atutangazie?

Kama unauza nchi nzima na mzigo unafika kila mkoa, fikiria. Kama duka liko Miyomboni Iringa na huna usafirishaji, wafuasi wake milioni wa Dar na Mwanza watakusaidia nini? Kocha wa timu ya mtaa, mwalimu wa kwaya, fundi cherehani ambaye wanawake wote wa kata wanapita kwake, hao wanaaminika na watu unaowataka. Mtu yeyote ukimlipa aseme wazi kalipwa.

Miezi gani tutangaze?

Fuata mvua na mavuno, sio kalenda ya kampuni. Huku tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba mpaka Aprili au Mei. Wakati huo hela iko ardhini: mbegu, mbolea, vibarua, na Januari ada za shule zinamalizia kilichobaki. Ukitangaza mabati na samani Januari kwa mkulima unamtesa tu. Mavuno yakishatoka, kuanzia Juni mpaka Septemba, Oktoba, ndio watu wanajenga, wanaoa, wananunua pikipiki. Kwa hiyo Februari na Machi tumia kujulikana na kufundisha, Mei anza kutaja bei, Juni uwe na mzigo. Tunduma ni kesi yake peke yake, mpakani pale hela inazunguka mwaka mzima na wateja wako wengi wanatokea Zambia, kalenda ya mkulima haikutoshi.

Nanenane tuchukue banda?

Viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, kwenye maonyesho ya wakulima ya Agosti, vinaleta watu kutoka Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa mpaka Katavi, hakuna sehemu nyingine utakutana nao wote kwa wiki moja. Ila banda lenye meza, vipeperushi na vijana wawili wanaochati ni hela imetupwa. Mtu aguse, aonje, aone mashine inazunguka. Chukua namba za waliouliza swali la maana, andika waliuliza nini, na wapigie kabla ya tarehe 15 Agosti. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, daftari la wageni linarudi ofisini linakaa kabatini mpaka mwaka mwingine.

SMS za matangazo zinaruhusiwa?

Kwa watu waliokubali, ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kununua orodha ya namba mtaani kisha kuwatumia watu meseji ni kujitafutia kesi, mbali na kuchukiwa. Namba za wateja wako ziombe mwenyewe, waambie utazitumia kwa nini na wanaweza kujitoa.

Kiufundi: SMS moja ni herufi 160 pamoja na nafasi. Ukiweka kaimoji kamoja tu inashuka mpaka 70, unalipia meseji mbili au tatu bila kujua. WhatsApp nayo, ile ya kutuma kwa wengi kwa mpigo, inawafikia wale tu walioseivu namba yako, kwaiyo mteja akinunua muombe aiseivu hapohapo.

Jina na logo tusajili, au hiyo ni ya makampuni makubwa?

Sajili mapema. Kusajili jina la biashara BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) ni tofauti na kusajili alama ya biashara (logo au jina linalotambulisha bidhaa yako), watu wanachanganya, wa kwanza ana cheti cha jina halafu mwingine anasajili alama na kumuambia aache kuitumia. Alama inalindwa miaka 7 ya mwanzo, afu unahuisha kila miaka 10, na ya BRELA ni ya Tanzania Bara, Zanzibar ni usajili mwingine. Chakula na vipodozi pita TBS (shirika la viwango), na kama mdogo anzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakuelekeze, tusianze kubuni lebo nzuri ya bidhaa ambayo haijathibitishwa.

Tutajuaje kama kazi yenu inaleta faida?

Swali zuri na mwenye kampuni ya mawasiliano asiyelipenda muogope. Zamani, na wengine mpaka leo, wanapima sentimita za gazeti zilizoandikwa kuhusu wewe, wanazidisha na bei ya tangazo, wanakuletea ripoti kwamba umepata "thamani ya milioni 40". Wataalamu wa upimaji walikutana Barcelona 2010 wakakubaliana kwamba hesabu hiyo haipimi thamani ya mawasiliano, na sisi hatuipigi. Habari nusu ukurasa inayokusema vibaya nayo ina sentimita.

Tunapima hivi: kila anayepiga au kuingia dukani anaulizwa "umetujuaje?" na jibu linaandikwa kwenye daftari la kaunta. Redio inapewa namba yake ya simu, bango namba yake. Tunahesabu waliouliza, waliorudi kununua, malalamiko yaliyojibiwa siku hiyohiyo. Kabla ya kuanza tunaandika hali ilivyo, vinginevyo baadaye kila mauzo yakipanda ya msimu tutajisifia yetu.

Kuna kazi mnakataa?

Ndiyo. Kuandika ushuhuda wa wateja ambao hawapo. Kununua wafuasi. Dawa ya asili inayotibu magonjwa kumi na mbili bila kibali cha kuitangaza. Kumchafua mshindani.

Tukija ofisini tuje na nini?

Bidhaa yenyewe, simu ya biashara ikiwa na chaji, mauzo ya mwaka uliopita mwezi kwa mwezi hata kama yako kwenye kaunta buku, na malalamiko matatu ya mwisho mliyopata. Na kama inawezekana aje na yule anayekaa na wateja kutwa, maana mara nyingi bosi anatueleza anachotaka kusema na muuzaji anatueleza watu wanauliza nini.